IBM System/36 nimeiokoa kwa muuza chuma chakavu, niiwashe vipi?

Kijana_wa_Mikindani:
Wakuu habari za jioni. Juzi nimepita kwa jamaa wa chuma chakavu hapa Mtwara nikakuta likabati la kompyuta ya IBM System/36, zile za ofisi zilizotoka 1983, jamaa kashashika nyundo alibomoe atoe shaba, nikambembeleza mpaka akaniuzia. Limekuja na diski za inchi 8, moja ni kubwa kama sahani ya wali. Bodi zina ukoko mweupe, nahisi chumvi ya bahari. Kibati cha nyuma kinasoma volti 220. Mkono unaniwasha nichomeke tu nione, au nisubiri?

Mzee_wa_Solda:
USICHOMEKE mwanangu. Kapasita (vile vikopo vya kutunza chaji) zikilala miaka bila umeme ile ngozi ya ndani inachoka, ukizipa volti zote kwa mpigo zinachemka na kupasuka. Toa pawa saplai nje isiguse bodi hata moja, kapasita kubwa zipe DC moja moja kupitia rezista, unapandisha kidogo kidogo kwa masaa huku unaangalia mkondo unashuka, ikigoma kushuka tupa. Halafu chungulia pale umeme unapoingilia, kuna vikapasita vya njano vinavyong'aa, vikiwa na nyufa badilisha bila kujiuliza maana vinatoa moshi nyumba nzima mhame. Ukija kuwasha saplai weka balbu ya wati 100 kwa siriz (umeme upitie kwenye balbu kwanza), ile ya waya sio LED, na upande wa kutokea fungia balbu za gari ziwe mzigo. Pima ile 5V, ukikuta 7 hapo chipu zingekwisha zote.

Sele_Korosho:
Kaka hicho ni kimeo, rudisha ukauze shaba 😂

BintiLindi:
@Sele acha hizo, kule Mountain View California wazee wamefufua kompyuta mbili za IBM 1401 za tangu enzi za kadi za matundu, moja ilitolewa Ujerumani, na zinafanya kazi.
Kaka kuhusu chumvi, maji ya bomba ya huku pwani yenyewe yana chumvi usiyaguse. Chukua maji ya betri, yale YASIYO na asidi, brashi laini, kisha spiriti, anika mbele ya feni siku mbili tatu. Na hizo diski usitumbukize mpaka usafishe hedi (kile kisomeo cha diski), ukungu unakwangua diski na data inaenda. Afu jua kabisa hiyo haichomekwi kwenye skrini ya kawaida, inataka terminal zake (skrini na kibodi) za 5250 na kebo ya twinax, anza kutafuta sasa hivi maana huo ndo mtihani wenyewe.

Kijana_wa_Mikindani:
Asanteni sana, shikamoo mzee. Nimefungua saplai usiku huu, vikapasita vya njano viko vitatu na vyote vimepasuka kama matope ya kiangazi, na kwenye feni kuna kiota cha nyigu. Ningechomeka jana sijui saa hizi ningekuwa naandika nini. Terminal kama kuna mtu anaiona popote, hata Dar, aniambie.

Mzee_wa_Solda:
Marahaba. Piga picha maandishi ya juu ya hivyo vikapasita kabla hujang'oa.