Stempu ya manowari ya matanga kwenye albamu ya babu: kweli ilifika huku kwetu?

Kijana wa Kuze

Asalaam aleikum wakubwa na wadogo. Wiki ilopita tulikuwa twatoa vitu kwa marehemu babu hapa Mji wa Kale, Mombasa, kwenye kasha la nguo tukakuta albamu yake ya stempu. Babu alikuwa karani bandarini miaka mingi, na kila meli ikifunga gati yeye huwaomba mabaharia bahasha za barua zao, ndio alivyozikusanya. Sasa kuna moja imenishika sana. Ni ya Marekani, senti 3, rangi yake kijani kilochanganyika na buluu, ina meli ya milingoti mitatu na imeandikwa U.S. Frigate Constitution. Chini yake babu ameandika kwa penseli, kwa herufi za kiarabu, mimi sijui kuzisoma vizuri nikampelekea nyanya akanisomea: "hii ilitia nanga Unguja zama za Sayyid Said".

Sayyid Said ni yule sultani wa Oman na Unguja wa zamani, na nyanya asema babu hakuwa mtu wa kuandika ovyo. Naomba mwenye kuijua hii meli anieleze, ilipigana vita gani, ilikuja kwetu kufanya nini, na hii stempu yenyewe ina thamani? Albamu sina nia ya kuuza, nataka tu kujua nimeshika nini.

Stempu Makadara

Waaleikum salaam mdogo wangu, pole kwa babu na hongera kwa kuitunza. Hio stempu ilitolewa tarehe 21 Oktoba 1947, na siku hio haikuchaguliwa bure, ni miaka 150 kamili tangu meli kushushwa majini Boston, 21 Oktoba 1797. Picha yenyewe imetoka kwenye mchoro wa mafundi wa kuunda meli. Walizipiga chapa mamilioni kwa hivyo bei yake sokoni ni ndogo, hata ikiwa safi haijagongwa muhuri. Lakini ile penseli ya babu huipati kwa muuzaji yeyote, usiifute na usibandue stempu kwenye karatasi yake. Tena albamu itoe kwenye kasha, joto na unyevu wa hapa Mombasa hulainisha ile gundi ya nyuma stempu ikagandana na ukurasa wa pili, mimi nimepoteza nyingi hivyo. Isimamishe kama kitabu kwenye rafu, pahali pakavu penye upepo.

Mwaka 2012 Marekani walitoa nyingine ya meli hio hio, safari hii kwa mchoro wa rangi wa Michele Felice Cornè. Ukiipata iweke ukurasa mmoja na ya babu.

Mjukuu wa Nahodha

Hapa kwenye vita niachieni mimi kwa sababu hii meli naipenda tangu niko shule.

Constitution ni moja katika manowari sita za mwanzo za Marekani, waliamua kuziunda 1794 kwa sababu meli zao za biashara zilikuwa zikitekwa na hawana wa kuzilinda. Kwa hesabu ni ya mizinga 44 ingawa mara nyingi ilibeba zaidi, na mabaharia juu ya 450. Ubavu wake ni mwaloni wa aina ngumu sana uliotoka misitu ya Georgia, mbao tabaka juu ya tabaka, na misumari ya shaba ilitoka kwa Paul Revere. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa Tripoli, 1803 hadi 1805, mwanzo chini ya Edward Preble, wakaupiga mji mizinga mwaka 1804.

Halafu ikaja vita ya 1812 na Muingereza, na hapa ndipo ilipopata jina. Agosti 19, 1812 chini ya Kapteni Isaac Hull ilikutana na HMS Guerriere huko Atlantiki, haikutimia hata saa moja ya kupigana kwa karibu Guerriere milingoti yote mitatu chini, ikaharibika hata kuivuta haiwezekani, kesho yake wakaitia moto. Mabaharia waliona risasi za mizinga zikigonga ubavu na kuanguka baharini, mmoja akapiga kelele kwamba mbavu zake ni za chuma, ndio mpaka leo huitwa Old Ironsides. Disemba 29 mwaka huo huo, pwani ya Brazili, ikaimaliza HMS Java. Usukani wa Constitution ulivunjwa kwa mzinga kwenye pigano hilo basi wakang'oa usukani wa Java wakaufunga kwao. Na Februari 20, 1815 ikakamata mbili usiku mmoja, Cyane na Levant, karibu na Madeira, mapatano ya amani yameshatiwa saini lakini habari hazijawafikia walioko baharini.

Lakini mimi kwangu yote hayo hayafikii ile mbio ya Julai 1812, mwezi kabla ya Guerriere. Constitution ilikutwa na kundi zima la manowari za Kiingereza pwani ya New Jersey na upepo ukafa, shwari tupu, bahari kama sinia. Hull akashusha mashua ziivute kwa makasia, Waingereza nao wakafanya vivyo hivyo. Ndipo wakatoa nanga ndogo, wakaipeleka mbele kwa mashua na kamba ndefu, wakaitupa, watu walio juu wakavuta ile kamba mpaka meli ikaifikia nanga, na wakati huo nanga ya pili ishapelekwa mbele, hivyo hivyo mchana na usiku. Wakamwaga maji ya kunywa ili meli iwe nyepesi. Matanga wakayarowesha kwa ndoo kitambaa kizibe matundu kishike hata pumzi ndogo. Siku mbili na zaidi, na wakaponyoka. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na kuvuta chombo kwa nanga wakati wa shwari na kurowesha tanga alikuwa akinihadithia kama mambo ya kawaida ya kazi, kwa hivyo nilipokuja kuisoma hii habari niliielewa kabla sijafika mwisho. Huu ni ubaharia, mizinga ni jambo lingine.

Mvita99

Je si ndio hio iliyoipiga mizinga Ngome yetu, Fort Jesus? Mimi nimesikia manowari ya kizungu ilikuja hapa ikaweka bendera yake, zama za Mazrui waliokuwa wakitawala Mombasa.

Mwalimu Tononoka

Hapana ndugu yangu Mvita, hapo umechanganya meli mbili. Iliyokuja hapa ni HMS Leven ya Muingereza, Kapteni Owen, alikuwa akipima pwani yote ya Afrika kwa ajili ya ramani. Alifika Mombasa Februari 1824, akakuta Mazrui washamuogopa Sayyid Said na wao wenyewe waomba bendera ya Kiingereza, akakubali, akamuacha Luteni Reitz kuwa msimamizi. Reitz akafa kwa homa Mei mwaka huo huo, ndio hio Port Reitz tunayoitaja kila siku, na nyumba ya Leven iko pale Mji wa Kale hatua chache kutoka bandari ya zamani. Bendera ikateremshwa 1826.

Sasa Kijana wa Kuze, babu yako ameandika sawa kabisa. Constitution iliondoka New York Mei 1844 kuzunguka dunia chini ya John Percival, mzee wa miaka sitini na ushei, ikapita Madagascar, Msumbiji, na Unguja, halafu Sumatra, Singapore, Uchina, Hawaii, ikarudi Boston Septemba 1846, zaidi ya maili 52,000. Na usiishie kusema ilifika, uliza kwa nini Unguja. Jibu unalo mwilini mwa nyanya yako: merekani, kile kitambaa cha pamba. Wafanyabiashara wa Salem, mji ulio jirani na Boston, walikuwa wakileta kitambaa hicho na kuchukua pembe, sandarusi na ngozi. Mkataba wa biashara na Sayyid Said ulitiwa saini 1833, konsoli wao akafika Unguja 1837, na mwaka 1840 Sayyid akatuma meli yake Sultanah hadi New York na Ahmad bin Naaman, ikafika imechoka na Wamarekani wakaitengeneza kwenye karakana yao ya manowari. Miaka minne baadaye Constitution yatia nanga Unguja. Hizi ni nyumba mbili zatembeleana.

Na msisahau pembe zile za ndovu zilishuka kutoka bara mabegani mwa watu, wengi wao nao wakauzwa. Constitution hio hio ilirudi Afrika, upande wa magharibi, ikiongoza kikosi cha Marekani cha kuzuia biashara ya watumwa, na Novemba 1853 ikakamata chombo cha Kimarekani, H. N. Gambrill. Mimi darasani huanza na hapo kwa sababu wanafunzi huuliza mbona ni bendera moja pande zote mbili, na hilo ndilo swali.

Stempu Makadara

Niongeze moja. Mwaka 1830 ilivuma kwamba meli itavunjwa, shairi moja kwenye gazeti la Boston likawaamsha watu ikaokolewa, na miaka ya 1920 watoto wa shule walichanga senti zao kuitengeneza. Bado iko Boston, yaelea. Mwaka 1997 ilitweka matanga ikaenda yenyewe, mara ya kwanza tangu 1881.

Kijana wa Kuze

Wallahi nimesoma yote kwa sauti nyanya akisikiliza. Nilipofikia kwenye merekani akanyanyuka, akaniletea kipande alichokuwa akifungia hati za nyumba, asema ni cha mama yake. Akaniambia babu alikuwa na rafiki yake, serahangi (msimamizi wa mabaharia) wa majahazi pale Bandari ya Kale, walikuwa wakikaa barazani jioni kuandikiana majina ya meli, na daftari lake huenda liko kwa wajukuu zake Kibokoni. Ijumaa baada ya sala naenda kuuliza. Albamu nishaiweka rafuni, imesimama.