Hotuba ya Kagera ya 1978: ni maneno yaliyotushindia, au ni askari?

Mkazi wa Mafinga: Ndugu zangu, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaambia wazee wa Dar es Salaam, tarehe 2 Novemba 1978, kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Nashikilia kwamba maneno hayo ndiyo yaliyoiunganisha nchi hadi Kampala ikaanguka Aprili 1979, ingawa huku milimani nadhani wachache waliyasikia wakati ule, maana redio zilikuwa za kuhesabu.

Mstaafu wa Tukuyu: Hilo la redio limeniuma, kijana wangu. Baba yangu alikuwa na redio ya betri, na betri zilipochoka zilianikwa juani juu ya bati mchana kutwa ili jioni zipate nguvu ya taarifa ya habari, huku majirani wamejaa uani hadi chini ya migomba. Usituhesabu miongoni mwa waliosimuliwa.

Binti wa Uyole: Shikamoo mzee. Redio tumekubali, lakini daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa, na waliovuka mto Kagera walikuwa watu wenye miili. Mjomba wangu alikwenda akiwa mgambo na hakurudi. Sauti ya Mwalimu tunaisikia kila mwaka. Jina la mjomba hatujalisikia hata mara moja.

Mkazi wa Mafinga: Pole sana, dada yangu. Sikukusudia kumpunguzia mjomba heshima yake, na mzee naye anisamehe.

Mfanyakazi wa Mbeya: Mbona mnaisahau ya Mei Mosi 1995, iliyotolewa papa hapa Mbeya? Kumkemea mvamizi ni rahisi. Siku ile Mwalimu, akiwa hana cheo tena serikalini na uchaguzi wa vyama vingi ukikaribia, alitukemea sisi wenyewe kwa rushwa, ukabila na udini. Kwangu hiyo ndiyo nzito zaidi.

Binti wa Uyole: Kaka, hiyo tuifungulie mjadala wake. Mzee, kuna kijana aliyetoka uani pale akaenda vitani?

Mstaafu wa Tukuyu: Marahaba, mwanangu. Yupo: kaka yangu, yule aliyekuwa akizianika betri, alikwenda kujiandikisha wiki ile ile. Lakini sitakudanganya kwamba ni hotuba peke yake iliyompeleka, kwa kuwa rafiki zake wawili walikwisha kutangulia jeshini.