Mrejesho: Tulihama Nyali, tuko Likoni

Kwa waliosahau: niliuliza kama ni busara mume wangu aache kazi nono ya bandarini, tuhamie Likoni, ng'ambo ya feri hapa Mombasa, tufundishe watoto walioacha shule, kwa imani tu. Mmoja wenu alinijibu, "Imani hailipi karo." Kweli hailipi, lakini tumehama.

Gari tuliuza. Feri kwa aendaye kwa miguu ni bure, ila saa za jioni mnasukumana mpaka viatu vinavuka peke yake! Kilichonichosha hasa ni maji. Mfereji ukikauka nanunua ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi, na mengine yana chumvi hata chai haiteremki.

Kifungua mimba wetu alinuna kwa kukosa waifai, sasa hakai ndani, ni mpira tu. Jirani yetu, Bi mmoja Muislamu, hutuletea mahamri na mbaazi Jumapili kabla hatujaenda kanisani.

Mama mkwe bado hajakubali. "Hata yule mmisionari Krapf kule Rabai alikuwa na misheni nyuma yake," asema, na hapo sina jibu. Mume wangu ameanza vibarua vya uhasibu kila mwisho wa mwezi.