Namna ya kuandika wasifu wa baba aliyekuwa mwanajeshi na mpishi wa familia

Binti wa Pili aliuliza:

Ndugu zangu, baba yetu amefariki dunia, na familia imenikabidhi kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa siku ya mazishi, pamoja na kumbukumbu ndefu zaidi ambayo tunataka wajukuu waje kuisoma watakapokuwa wakubwa. Ninaomba mawazo yenu, kwa sababu kila sentensi ninayoianza inamweleza mtu mwingine kabisa, wala si baba niliyemjua.

Baba aliingia jeshini akiwa askari wa miguu, akaenda vitani, kisha akahamishiwa jiko la kombania, na huko ndiko alikobaki hadi alipostaafu. Aliporudi uraiani aliendelea kupika, safari hii kwa ajili yetu. Alikuwa akiamka kabla ya watu wote, akapanga visu na viungo mezani kwa mpangilio uleule, akakata vitunguu vipande vinavyolingana, na alipotaka kuonja mchuzi aliuchota kwa upawa na kuumimina kwenye kijiko kingine, ili kilichogusa mdomo kisirudi sufuriani. Alimpakulia mama kwanza, kisha watoto kuanzia mdogo, na yeye akala wa mwisho, mara nyingi akiwa amesimama. Mmoja wetu akilala amenuna, baba alikuwa akigonga mlango akiwa na sahani mkononi, na hakuondoka mpaka mazungumzo yaishe.

Kuhusu vita hakusema. Nilipokuwa msichana nilimwuliza, naye akanisogezea kisu na bakuli la vitunguu, tukamenya pamoja mpaka vikaisha bila jibu.

Sasa baba mdogo anataka wasifu utaje vyeo, nishani na mapigano. Mama anasema jeshi lilishachukua sehemu yake, na kwamba mumewe alikuwa mtu wa nyumbani na wa jikoni. Nawaelewa wote wawili, lakini naogopa kuandika ripoti ya utumishi upande mmoja na orodha ya mapishi upande wa pili. Jambo jingine ni kwamba ameacha daftari la mapishi ambalo vipimo vyake vyote ni vya watu 100, na pengine ameandika tu "kikombe changu" au "kiganja kimoja". Je, daftari la namna hiyo linaweza kugeuzwa kuwa kitu ambacho wajukuu watapikia?

Mwandishi wa Wasifu alijibu:

Pole sana dada, wewe na familia yote. Nimesaidia familia nyingi kuandika wasifu wa marehemu, na kwa maoni yangu baba yako hakuwa na maisha mawili yanayogombania karatasi moja. Umetueleza mtu mmoja ambaye alikula wa mwisho, na hapo tayari askari na baba wameonekana kwa pamoja. Andika kutoka hapo.

Wasifu wa kusomwa mazishini uwe mfupi. Mtu anayesoma kwa utulivu hutamka maneno 100 hadi 120 kwa dakika, na msomaji mwenye majonzi huenda polepole zaidi, kwa hiyo maneno 600 yanatosha kabisa. Vyeo na miaka ya utumishi vipewe aya moja yenye uhakika: mwaka wa kuingia, kikosi, cheo cha mwisho, mwaka wa kustaafu. Vichukue kwenye hati yake ya kustaafu au kitambulisho chake cha jeshi, usitegemee kumbukumbu za ndugu, maana watakaokuja kumsindikiza ni pamoja na wenzake wa kikosini, na kosa la jina la kikosi litawaumiza hata kama hawatasema. Jina la nishani nalo liandikwe kama lilivyo kwenye cheti chake. Baada ya aya hiyo, rudi kwa mtu mwenyewe.

Ningekushauri pia ujiepushe na sifa zinazomfaa kila marehemu, kama vile mpole, mcheshi na mchapakazi. Kisa cha sahani mlangoni kinasema zaidi ya sifa zote hizo, na wanaomjua watatikisa vichwa kwa kukubali wakimwona humo.

Mpishi wa Bwaloni alijibu:

Mwanangu, pokea pole zangu. Nami nilipikia askari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nilipokusoma nilimtambua baba yako kana kwamba tulishika mwiko mmoja.

Mweleze baba yako mdogo, kwa heshima, kwamba jiko halikuwa mahali pa kupumzika kutoka kwenye utumishi. Majeshi yamelijua hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimlipa Nicolas Appert faranga 12,000 kwa njia yake ya kuhifadhi chakula kwa kukifungia chupani na kukichemsha, na mahitaji ya majeshi yalikuwa miongoni mwa sababu za kutafutwa kwa njia hiyo. Katika vita vya Crimea, ambako Uingereza na washirika wake walipigana na Urusi, maradhi yaliua askari wengi kuliko risasi. Mwaka 1855 mpishi Alexis Soyer alikwenda huko kwa gharama yake mwenyewe, akapanga upya majiko ya hospitali ya jeshi la Uingereza ya Scutari, jijini Istanbul, na akawapelekea askari jiko alilolibuni, lenye umbo la pipa, linalotumia kuni chache na kuuficha moto ndani. Majiko ya aina hiyo yaliendelea kutumiwa na jeshi la Uingereza hadi karne ya 20. Kwa hiyo, mtu aliyewalisha wenzake chakula salama asubuhi na jioni alikuwa akilinda maisha yao, na baba mdogo anaweza kulisema hilo kwa fahari.

Kula wa mwisho nako kuna asili yake. Katika majeshi kadhaa mkubwa hasogei kwenye chakula mpaka wa chini yake wapate, na mpishi humalizia baada ya wote kwa sababu ndiye anayejua kama kilichobaki kinatosha. Kijiko cha pili cha kuonjea ni nidhamu ya jikoni, maana uzembe wa mpishi mmoja unaweza kukilaza kikosi kizima. Waulize ndugu zako kama alikuwa akigawa mabaki kwenye vyombo vipana visivyo na kina badala ya kuyaacha sufuriani. Nadhani watakubali. Chakula kingi ndani ya sufuria kubwa hupoa polepole mno, kikakaa kwa saa nyingi kati ya nyuzi 60 na 5 za Selsiasi, ambako vijidudu huzaliana.

Sasa daftari. Nyama, nafaka na maharage yagawe moja kwa moja: kama ameandika kilo 10 za maharage makavu kwa watu 100, basi watu watano ni nusu kilo. Maji usiyagawe hivyo. Chukua sufuria ya lita 100 yenye upana wa sentimeta 60, kisha ya nyumbani ya lita 5 yenye upana wa sentimeta 24. Ukipiga hesabu ya uso wa juu, kila lita katika ile ndogo ina nafasi ya kutoa mvuke takriban mara tatu kuliko katika ile kubwa, na ndiyo maana pishi la kambini likigawanywa kwa hesabu tupu hukauka na kuungua kabla halijaiva. Anza na maji ya ziada, funika, na ongeza ya moto kidogo kidogo. Chumvi, pilipili na viungo vikali anza navyo pungufu ya hesabu, kisha onja.

Kuhusu "kikombe changu", kitafuteni kikombe chenyewe. Kijazeni maji hadi alipokuwa akikijaza yeye, myamimine kwenye chombo chenye alama za mililita, na muandike kiasi hicho kwenye ukurasa wa kwanza wa nakala. Kiganja ni kigumu zaidi. Mtafute ndugu ambaye mkono wake unalingana na wa baba, achote, mpime kwa gramu, naye arudie mara kadhaa mpate wastani.

Mjane wa Askari alijibu:

Mwanangu, pole. Mume wangu naye alirudi kutoka vitani akiwa na mambo ambayo hakuyasema, kwa hiyo nitagusia hapo tu.

Usiuzibe ukimya wake kwa kubuni. Watu watakushauri uandike kwamba vita vilimfanya athamini familia, au kwamba jikoni alikuwa akijitibu. Huenda ni kweli, lakini yeye hakukwambia, na aliyekwisha kuondoka hawezi kukukatalia. Andika kwamba ulimwuliza, na kwamba alikupa kisu na vitunguu. Hilo lilitokea, na ni lako. Kama wapo wenzake wa kombania walio hai, waombe wakueleze walichokiona wao, rekodi sauti zao kwa idhini yao, na ukiandika, taja kwamba ni maneno yao.

Kwa mama yako nina ombi. Usimkalishe kitini na orodha ya maswali. Nenda naye jikoni, mpike pishi mojawapo la daftarini huku simu ikirekodi pembeni. Taarifa za harufu hufika kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu kwa njia fupi kuliko za macho na masikio, na mimi mwenyewe kitunguu kikianza kugeuka rangi kwenye mafuta hukumbuka mambo ambayo hakuna swali lingeyafikia. Msimharakishe, na akinyamaza mwacheni anyamaze.

Binti wa Pili aliandika tena:

Asanteni nyote, hasa kwa kunionyesha kwamba sihitaji kuchagua upande. Ndugu yangu amethibitisha habari ya vyombo vipana: baba alikuwa na sinia mbili za bati kwa kazi hiyo pekee, nasi watoto tulidhani ni kwa ajili ya kuwahi kupoza chakula chetu. Baba mdogo amesoma maelezo ya mpishi na ameomba ayasome yeye mwenyewe mbele ya watu. Aya ya kwanza kwa sasa nimeiandika hivi:

"Baba yetu alitumikia jeshi kwa uaminifu mkubwa na moyo wa kizalendo, kwanza akiwa askari wa miguu na baadaye akiwa mpishi wa kombania. Aliwapakulia wengine kwanza, akala wa mwisho. Alipostaafu alituhudumia sisi kwa utaratibu uleule, na mama hakuwahi kupakuliwa baada ya mtu yeyote."

Mwandishi wa Wasifu alijibu:

Ni aya nzuri, dada, na sentensi ya mwisho isiguswe. Ondoa "kwa uaminifu mkubwa na moyo wa kizalendo", na mahali pake weka mwaka aliojiunga na mwaka aliostaafu, kwa kuwa urefu wa utumishi wenyewe utasema jambo hilo. Sinia mbili za bati ziingie kwenye kumbukumbu ndefu ya wajukuu, pamoja na maelezo ya kwa nini alizitumia, ili wakizikuta kabatini wasizitupe.

Daftari nalo lipigeni picha kurasa zote, pamoja na majalada, kabla hamjaanza kulitumia jikoni, na picha hizo zihifadhiwe na watu wawili tofauti. Wajukuu wapikie kutoka kwenye nakala, maana mafuta na mvuke huzila karatasi za zamani haraka sana.