Pilipili kichaa, mbuzi au ndefu: ipi nipande kwenye ndoo hapa Mwanza?

MkaangaSato
Mwangaluka wadau. Naomba ushauri kabla sijatumia hela yangu. Nimepanga Mabatini, kule juu kwenye mawe. Uani ni jiwe tupu, jembe halina pa kuingia, ila kibaraza kinapata jua tangu asubuhi hadi saa tisa na kinabeba ndoo nane bila kumzibia mtu njia. Jioni nakaanga sato na vipande vya sangara, na mteja wa samaki akikosa pilipili anahamia meza ya jirani. Kwa hiyo nanunua kila siku, na kuanzia Julai hadi vuli ishike, fungu linakuwa dogo na bei inapanda.

Nachagua kati ya pilipili kichaa, pilipili mbuzi na zile ndefu nyekundu. Pia sijui nichukue ndoo za rangi za lita 20 au viroba. Mwaka jana nilijaribu ndefu kwenye makopo. Zilinawiri kweli, majani ya kijani kibichi, halafu maua yakadondoka yote. Sikuvuna hata moja.

BabuNyegezi
Kichaa, binti yangu. Ninao mche nyuma ya jiko, huu ni mwaka wake wa nne. Kila ukimaliza mzao mkubwa naupunguza matawi hadi usawa wa goti, nauwekea samadi iliyoiva, na vuli ikianza unachipua upya. Ndefu ukiivuna msimu mmoja imechoka, unaanza tena na kitalu. Halafu kichaa ni ndogo na ngozi yake nyembamba, ukiianika inakauka upesi. Unavuna nyingi wakati wa mvua, unakausha, unasaga, Julai unafungua kopo lako. Shida yako ni ya Julai, kwa hiyo mimi naanzia hapo.

Ina mambo mawili ya kukuvumilisha. Mbegu zake ni vivu kuota, wiki mbili hadi nne ardhini, na watu wengi humwaga udongo wakidhani zimekufa. La pili ni ndege. Ndege hawasikii ukali wa pilipili kabisa, kwao ni tunda kama tunda lingine, ndiyo maana utaona kichaa imejiotea chini ya mti au kwenye ufa wa jiwe. Zikianza kuwa nyekundu tupia wavu mwepesi.

TamuYaMbuzi
Shikamoo babu. Kwa kukausha nakuunga mkono, lakini dada anauza samaki, na samaki anataka harufu. Kata pilipili mbuzi moja juu ya kachumbari ya nyanya na ndimu uone watu wanavyogeuka. Kichaa inauma tu, haina harufu ile.

Ukali pia upo. Kwenye kipimo alichokibuni Mmarekani Wilbur Scoville mwaka 1912, mbuzi huwa kati ya 100,000 na 350,000, kichaa kati ya 50,000 na 100,000, na ndefu kama 30,000 hadi 50,000. Mbuzi moja inatosha bakuli ambalo ungelijaza kichaa kiganja kizima. Na mteja akiomba isiyo kali sana, toa ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Ukali unatengenezwa hapo, sio kwenye mbegu kama wengi tunavyoambiwa. Ukimaliza kukata paka mikono mafuta ya kula kwanza, ndipo unawe kwa sabuni. Maji peke yake hayautoi.

Kuikausha nzima ndiko kunakoisumbua, nyama yake ni nene, inaoza kabla ya kukauka. Mimi nasaga mbichi na chumvi na siki, naweka kwenye chupa.

Buhongwa_Bustani
Mnaisahau ndefu kwa sababu haina majigambo. Dada anataka pilipili za biashara, na ndefu ndiyo ya haraka. Ukipandikiza mche wenye majani manne hadi sita, miezi miwili na nusu hivi unachuma. Mbuzi itakuweka mitatu hadi minne. Ubaya wa ndefu ni vidukari na inzi weupe, wanaipenda mno. Inzi weupe wakileta ugonjwa wa majani kujikunja, mche huo hauponi, ung'oe siku hiyohiyo usiambukize mingine. Vidukari ni wepesi, maji yenye sabuni ya kipande kidogo, unapulizia chini ya jani jioni, siyo juu kwenye jua.

Kuhusu chombo: ndoo. Kiroba ni rahisi kupata na mizizi inapumua, lakini kinakauka haraka sana, na jua letu linakichanachana ndani ya mwaka. Kichaa ya babu ya miaka minne haiwezi kukaa kwenye kiroba. Chukua ndoo nyeupe, nyeusi inachemsha mizizi. Toboa matundu sita hivi chini kwa msumari wa moto na uinue juu ya vipande vya tofali, maji yatoke.

Zawadi_Pasiansi
Msichanganye na hoho! Jirani yangu alipanda hoho karibu na kichaa, hoho zikawa kali hadi watoto wakalia.

Buhongwa_Bustani
Zawadi, kwa msimu uleule haiwezekani. Tunda ni mwili wa mama yake, chavua ya jirani inaingia kwenye mbegu tu. Ukipanda mbegu hizo mwakani ndipo unaweza kuona mabadiliko. Nadhani jirani alinunua miche ikiwa imechanganywa kitaluni, hilo linatokea sana.

Kisesa_Mkulima
Mnajadili aina, hakuna aliyeuliza udongo utatoka wapi. Mabatini hakuna udongo, kwa hiyo dada atachota mahali, na hapo ndipo mimi niliumia.

Nilijaza vyombo kwa udongo wa shamba lililokuwa na nyanya. Miche zaidi ya hamsini, mizuri. Ikaanza kutoa maua, na mchana mmoja mche ukalegea kama umekosa maji, huku udongo una unyevu. Jioni ukainuka. Kesho yake ukalegea tena, na haukuinuka. Majani yalikuwa bado ya kijani, hayakuwa na madoa wala njano. Nikaongeza maji, nikijua nasaidia. Ndani ya wiki tatu nilikuwa nimebaki na kumi na moja.

Ule ulikuwa mnyauko bakteria. Nilifundishwa kuupima baadaye: kata shina karibu na udongo, ulichovye kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa, subiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka kwenye maji, ndio wenyewe. Hauna dawa ya kutibu mche uliokwisha kuupata. Unaishi udongoni miaka, na nyanya, bilinganya, viazi mviringo na pilipili ni ukoo mmoja, vyote unavila. Maji yaliyopita kwenye mche mgonjwa yanaupeleka kwa mzima, kisu na jembe pia.

Dada, usichukue udongo wa bustani ya nyanya hata ukipewa bure. Tafuta wa chini ya miti au uliolimwa mahindi. Makopo mawili ya udongo huo, moja la samadi ya ng'ombe iliyokaa hadi ikapoteza harufu, na moja la mchanga. Mchanga wa hapa kwetu haukosekani. Samadi mbichi usiguse, inaunguza mizizi. Na kila ndoo ijitegemee: maji ya ndoo hii yasitiririke kwenye nyingine. Kwa hilo peke yake ndoo imeishinda ardhi, ikifa moja hazifi nane.

MkaangaSato
Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Kaka wa Kisesa pole, nimeumia nawe. Maswali: je, magugu maji ya ziwani yanafaa kuwa mbolea? Karibu na kazini yamejaa, yananikaa moyoni. Na maua yangu yalidondoka kwa nini? Nilikuwa naweka yurea kila wiki.

Buhongwa_Bustani
Umejijibu. Yurea ni naitrojeni tupu, inaita majani na kuyasahau maua. Kwenye kopo dogo, kila wiki, ni nyingi mno. Mche ukiwa na nguvu yake, samadi na majivu kiganja kimoja kwa ndoo vinatosha, usizidishe majivu. Jingine ni jiwe. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na joto la mji si la kutisha, lakini kibaraza chenye jiwe na bati kinarudisha joto hadi usiku, na pilipili isipopata usiku wa baridi kidogo inaacha maua. Kiangazi weka kivuli chepesi kuanzia saa saba, na mwagilia asubuhi kila siku, isiwe leo mafuriko kesho ukame.

Kisesa_Mkulima
Magugu maji yanafaa yakiozeshwa na samadi hadi yawe mboji. Lakini yana tabia ya kunyonya vyuma vizito majini. Yanayokua pale Mto Mirongo unapomwaga maji ya mji ziwani mimi siyaweki kwenye chakula. Chukua ya mbali na mji, au tandaza nyasi kavu tu.

TamuYaMbuzi
Basi mgawanyo wa ndoo nane? Nasema mbuzi nne.

BabuNyegezi
Kichaa nne, mbuzi mbili, ndefu mbili za kukusogeza wakati nyingine hazijazaa. Mbegu za kichaa njoo uchukue kwangu, nimeanika zilizoiva vizuri. Miche ya mwanzo uitie kwenye vikopo vidogo, ikifika urefu wa kiganja ndipo uhamishe, jioni.

MkaangaSato
Shikamoo babu. Nimekuja, nimechukua, mama amenipa na ndizi. Ndoo nimezikwangua rangi na kuziosha. Mgawanyo ni wako.

Nawapa taarifa: leo ni siku ya kumi na tisa. Ndefu ziliota siku ya nane. Mbuzi zimechomoza tatu. Kichaa kimya, na mwenye nyumba anasema nimepanda udongo mtupu.

BabuNyegezi
Marahaba. Usimwage. Udongo uwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, vikopo viweke karibu na jiko vipate joto, na usivifukue kuangalia.

MkaangaSato
Siku ya ishirini na tatu. Ziko tano.