Kanga ya miaka 20 ya SACCOS: nipeleke michoro mingapi mbele ya kamati?

Wino Mbichi
Wakuu, SACCOS ya akina mama inataka kanga ya sherehe, doti 600. Maelekezo niliyopewa ni haya tu: "tuletee kitu kizuri, chenye nembo na rangi zetu." Kamati ina watu saba. Nina michoro sita. Niipeleke yote? Na niirushe kwanza kwenye grupu lao la WhatsApp?

Pindo Nne
Sita hapana. Watachukua pindo la huu, mji (ile sehemu ya katikati) wa ule, jina (maandishi) la mwingine, uambiwe uunganishe. Peleka miwili, mitatu ikizidi, na kila mmoja ujitegemee.

Kanga huanzia kwenye jina. Tafuta jina kwanza, mji ulibebe. Mfano AKIBA HAIOZI: mji wa vihenge, pindo la punje za mahindi. Hapo jina na picha vinasema jambo moja, na hata mjumbe asiyejua kuchora ataweza kulitetea wazo hilo kwa wenzake. HABA NA HABA limechoka. Na kila jina lisome kwa sikio la jirani: DAWA YA DENI KULIPA ni methali nzuri, lakini atakayeivaa ataonekana ama anadai ama anadaiwa. Hizo doti zitabaki kabatini.

Skrini Tatu
Kabla ya kuwaonyesha, uliza kiwandani wanakubali rangi ngapi. Kila rangi ina skrini yake ya kuchapia, na kila skrini ina gharama. Nembo yenye rangi inayofifia polepole haitoki; ichore upya kwa rangi bapa. Mistari myembamba kama uzi huzibwa na rangi, na herufi za jina zisiwe chini ya sm 3. Acha nafasi ukingoni ya kukata na kukunja upindo, la sivyo pindo litaliwa upande mmoja.

Ukimwonyesha mteja kitu kisichochapika, hutamshawishi tena akubali kilicho chini yake.

Pindo Nne
WhatsApp usitume. Picha ya ukubwa wa kiganja itajadiliwa na wanachama wote, na kamati itakuja na uamuzi wa watu ambao hawakusikia hoja.

Siku yenyewe anza kwa kuwasomea walichoagiza: nani atavaa, doti ngapi, bei. Kisha jina, kwa sauti, bila picha. Kisha mchoro mweusi na mweupe. Rangi iwe ya mwisho, maana ikitangulia watabishana kijani kipi hadi muda uishe. Usiulize "mnaonaje?" Uliza "jina hili mtalivaa?" Marekebisho mawili, yaandikwe, na mwenyekiti asaini mchoro wa mwisho kabla skrini hazijatengenezwa.

Wino Mbichi
Nashukuru. Ila nembo wanaitaka katikati ya mji, kubwa.

Skrini Tatu
Usibishane nao. Kanga ni kama sm 150 kwa 110. Karatasi 16 za A3 zikiunganishwa zinatosha mchoro wa ukubwa halisi, ubandike ukutani. Halafu chukua kanga ya kawaida, bana nembo ya karatasi katikati kwa pini, umwombe mjumbe mmoja ajifunge kiunoni, kisha aketi. Wataona wenyewe nembo inakaliwa. Hapo ndipo utoe mchoro wako wenye nembo ndogo kwenye pembe nne za mji.