Spika zakwaruza nikipandisha sauti: ninunue spika mpya au risiva?

Kisauni_Juu: Assalamu aleikum ndugu zangu. Nina spika tano na sabwufa, za mtumba lakini nzuri, nyuma zimeandikwa omu 6, kile kipimo cha spika inavyouzuia umeme. Nazitumia na risiva ndogo, mashine ya kuzisukuma spika, iliyotoka kwenye seti nyingine. Filamu ikiwa ya maongezi, sawa. Vita vikianza, spika za mbele zakwaruza kama bati linaloburutwa, na wanayosema siyasikii. Jana risiva ilijizima. Nikaigusa juu, moto kama kikaango! Mke wangu ashasema spika zimekufa. Zimekufa kweli?

Fundi_Majengo: Waaleikum salaam. Tafadhali usizitupe. Risiva ikidaiwa nguvu isiyokuwa nayo, hukata vilele vya wimbi la sauti, ndio huo mkwaruzo. Ukiendelea hivyo utaunguza twita, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba. Igeuze usome nyuma inakubali omu ngapi. Ikiwa ni 8 kwenda juu, spika za omu 6 zaivuta umeme kupita kiasi, lazima ichemke. Kisha peleka spika moja kwa mwenye amplifaya ya maana uisikilize huko.

Likoni_Feri: Yalinikuta hayohayo. Nilibadilisha risiva peke yake, spika zilezile, na usiku wa kwanza nikamsikia mwigizaji akivuta pumzi kabla ya kusema. Miaka mitatu ile pumzi ilikuwemo na sikuwahi kuisikia. Ila usidanganyike na wati. Kutoka wati 50 hadi 100 waongeza desibeli 3 tu, yaani sauti yapanda kidogo. Tafuta yenye maikrofoni ya kupimia: waiweka pale unapokaa, risiva yapiga milio, yapima umbali wa kila spika na kuzisawazisha. Spika ya katikati ndiyo yenye maneno, ipandishe kidogo. Na kwenye menyu ya risiva ziandike spika zako kuwa ndogo, na mpaka wa kugawa sauti uuweke Hz 80, besi nzito ya chini ya hapo iende kwa sabwufa. Risiva itapumua. Kama chumba chako ni vigae vitupu, tandika hata mkeka, mwangwi huyala maneno.

Ami_Tudor: Mwanangu, ukienda kununua ya mtumba soma volti kwanza. Za Japani ni 100, za Marekani 120, umeme wetu ni 240. Mimi nilichomeka moja bila transfoma: tap! Moshi, na elfu kumi na nane zangu zikaenda. Tena angalia ncha za waya. Chumvi ya bahari hii haina huruma.

Kisauni_Juu: Nimegeuza. Omu 8 hadi 16, imeandikwa wazi kabisa, na mimi mwaka mzima sikuisoma. Waya zilikuwa kijani, nimezikata na kuzimenya upya. Spika ya kushoto nimeipeleka kwa jirani, tukapandisha sauti mpaka watoto wakaja mlangoni. Yalia safi! Mke wangu alikuwepo, kasikia mwenyewe. Ami, Jumamosi asubuhi natoka kutafuta risiva. Kama una nafasi, twende sote.

Ami_Tudor: Nipitie saa tatu.